Usiseme "pole" mapema: jibu kwa mwalimu wa Upanga

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, naishi Upanga, Dar es Salaam, kwenye jengo la zamani lenye familia 16, nusu Wahindi, nusu sisi wengine. Miaka yote tumekuwa watu wa kusalimiana ngazini na kupita. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kihindi alimwita dada wa kazi wa jirani yake "golo" kwa sababu ya maji yaliyomwagika kwenye ngazi. Jioni ile ile kijana mmoja akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wakazi, "Magabacholi rudini kwenu." Tangu siku hiyo hata salamu hakuna. Kamati ya jengo imeniomba niandae kikao cha watu kusimuliana maisha yao, wanasema wamesikia njia hiyo huponya. Naogopa kitageuka kesi. Je, hadithi zinaponya kweli? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza mawili, nami naanza na ambalo hukuuliza: usiitishe kikao mwezi huu. Hofu yako ina msingi. Watu waliotukanana wakikutanishwa kabla hasira hazijapoa, kila mmoja huja na mashahidi wake, na ukimwambia asimulie maisha yake atakusomea mashtaka.

Kuna deni linalotangulia. "Golo" ni neno la Kigujarati, maana yake mtumwa, na waliokulia mji huu wanajua linavyochoma hata likitamkwa kwa sauti ya chini. Binti aliyeitwa hivyo anadai radhi, na radhi hiyo itoke kinywani mwa aliyemtukana, mbele ya wale wale waliokuwepo ngazini. Kijana naye afute alichoandika, kisha aombe radhi pale pale alipokiandika. Mwendee kila mmoja peke yake, ukiongozana na mtu mzima anayemheshimu. Msizungumze habari za Wahindi na Waswahili, zungumzeni habari ya tusi. Kama nyuma ya hayo maji kuna mshahara uliocheleweshwa au kuachishwa kazi bila notisi, suala hilo lina mahali pake, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usilivute kwenye baraza la hadithi. Tena nakusihi, usimketishe dada wa kazi na mwajiri wake kwenye baraza moja ukategemea binti aseme ya moyoni. Kesho yake alfajiri ndiye atakayewasha jiko kwenye nyumba hiyo.

Kuhusu "rudini kwenu", mwambie kijana kwamba swali hilo liliulizwa na kujibiwa kabla hata bendera yetu haijapanda. Oktoba 1961, ulipojadiliwa muswada wa uraia, wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere aliikataa hoja hiyo kwa ukali, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Hilo lilimaliza suala la pasipoti. Ngazi zenu halikuzigusa, na ndiyo sababu mimi na wewe tunaandikiana leo.

Nimekusanya masimulizi ya wazee na kusuluhisha majirani hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20. Nikiulizwa nimejifunza nini, jibu langu ni moja: katika mji huu kila upande unajiona ndio mnyonge. Msikilize Mhindi wa Kisutu. Atakwambia sisi ni wachache, hatuna kura, hatuna askari, siku wakiamua tuondoke tutaondoka. Msikilize Mzaramo wa Ilala, atakwambia sisi tuna bendera, lakini duka ni lao, nyumba ni yao, na hata kwenye nchi yetu tunaingia kwa mlango wa nyuma. Wote wawili wanasema kweli. Sasa mtu anayejiona mnyonge haji kikaoni kusikiliza. Anakuja kusikilizwa. Ukiwaketisha watu 20 wa namna hiyo utapata wasemaji 20 na msikilizaji hakuna.

Hili limepimwa pia na wataalamu. Mwaka 2012 Emile Bruneau na Rebecca Saxe walichapisha utafiti wao kuhusu Wapalestina na Waisraeli, na pia kuhusu wahamiaji wa Mexico na Wamarekani weupe. Waliona kwamba upande ulio dhaifu hulainika zaidi unaposema na kusikilizwa, na upande wenye nguvu hulainika zaidi unaposikiliza na kujaribu kuona kwa macho ya mwenzake. Kule ilikuwa wazi nani ana nguvu. Upanga nguvu zimegawanyika, mmoja ameshika fedha na mwingine ameshika serikali, kwa hiyo itabidi kila mmoja apewe zamu kamili ya kusikilizwa na zamu kamili ya kusikiliza. Zikichanganywa, hakuna atakayetimiza hata moja.

Je, hadithi zinaponya? Zinasaidia, kwa masharti. Mwaka 2020 Joshua Kalla na David Broockman walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani kuhusu wahamiaji wasio na vibali. Watu waligonga milango ya wenyeji. Waliobadilishana visa vya maisha na mwenye nyumba, bila kumhukumu, walibadilisha mtazamo wake. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo lakini yalidumu miezi kadhaa. Waliokuja na hoja tupu hawakubadilisha kitu. Kwa hiyo kikao chako kikigeuka mdahalo, hata kama mna hoja nzuri namna gani, mtarudi mlipokuwa.

Jengo lenyewe ni hadithi yenu ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza: mji uligawanywa kanda tatu, Uzunguni, Uhindini, na kuanzia Kariakoo ikawa sehemu ya Waafrika. Kwenye karatasi kanda zilitofautishwa kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa, lakini kila mtu alijua maana yake. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja unaoupita kila siku kwenye daladala uliachwa wazi makusudi ili utenge Uhindini na Kariakoo. Upanga nayo ikakua miaka ya 1950 kama mtaa wa Wahindi. Halafu Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia. Sheria haikutaja Wahindi. Ila ukoloni ulikuwa umewaacha wao ndio wenye majengo ya kupangisha, kwa hiyo pigo liliwaangukia wao zaidi. Majengo hayo yakasimamiwa na Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa.

Fikiri maana yake kwenye ngazi zenu. Kwa familia moja, 1971 ni mwaka babu alipoamka akiwa mpangaji kwenye nyumba aliyoijenga kwa akiba ya duka la miaka 30. Kwa familia nyingine, ni mwaka baba, tarishi wa ofisi ya serikali, alipokuja na ufunguo na kusema tunahama Magomeni, tunakwenda Upanga. Ndugu zake walilia kwa furaha. Hadithi hizo zimelala ghorofa moja juu ya nyingine kwa zaidi ya miaka 50 na hazijawahi kusikilizana.

Nimewahi kuzikutanisha. Ilikuwa kwenye baraza dogo katikati ya mji, watu saba tu. Mzee mmoja wa Kibohora, jumuiya mojawapo ya Waislamu wa Kihindi, alisimulia jinsi baba yake alivyokaa sebuleni siku tatu bila kufungua duka. Mama mmoja aliyehamia mtaa ule akiwa na miaka tisa akasubiri amalize, kisha akasema, "Sisi tulikaa pale miaka mitatu hakuna jirani aliyetugongea mlango. Mama yangu alikuwa anapika pilau ya Idi, sahani zinarudi na kitambaa chake hazijafunuliwa." Yule mzee aliinama. Baada ya muda akasema, "Tuliogopa. Tulidhani mmetumwa kuja kuhesabu vyumba vilivyobaki." Hakukuwa na kukumbatiana. Mzee aliangalia saa, akaaga kwenda kuswali magharibi. Mwezi uliofuata alinipigia simu kuniuliza mama yule anaitwa nani wa wapi, maana alikuwa amemsahau jina na aliona haya kumuuliza mwenyewe.

Kilichofanya yule mama aweze kusema ni kwamba wakati mzee anasimulia, hakuna aliyemwambia "pole". Najua hili litakushangaza. Pole ni neno zuri na ni adabu yetu, lakini kwenye baraza la namna hii pole ya haraka ni mlango unaofungwa. Mtu ameanza kufungua kidonda, mwenzake anasema "pole sana, ndiyo maisha, yamepita". Ameshaambiwa inatosha. Iacheni pole ije mwisho kabisa, baada ya msimuliaji kusema mwenyewe kwamba amemaliza. Hali kadhalika "hata sisi". "Hata sisi tulinyang'anywa, hata sisi tulitukanwa." Hapo mashindano ya maumivu yameanza.

Na wazee watakutolea ile methali, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waheshimu, kisha waulize kwa upole: mganga gani anaanza kuganga bila kuuliza ugonjwa ulianza lini?

Vitabu vya kigeni kuhusu kusikiliza husisitiza ukimya. Mimi sikufundishi hivyo. Kwetu sisi msikilizaji mkimya ana dharau au amelala. Bibi zetu walipoanza "Hadithi, hadithi!" hawakuendelea mpaka tuitikie "Hadithi njoo!" na katikati tulikuwa tunaitikia enhe, ikawaje, mama wee. Waruhusu watu waitikie. Wanachokatazwa ni kusahihisha, kushauri na kujibu. Msimuliaji akimaliza, mmoja aliyechaguliwa kabla, tena awe wa upande wa pili, arudie kwa maneno yake alichosikia: "Nimesikia ukisema mama yako aliacha kupeleka sahani." Msimuliaji anasahihisha mpaka aseme, naam, hivyo ndivyo. Mara nyingi huchukua kurudia mara mbili au tatu, maana tunasikia tulichokuja nacho. Kazi nzima iko hapo, kwenye kule kusahihishwa.

Anza na mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, bila kurekodi. Tenga wiki tatu au nne kwa kazi hiyo. Swali liwe dogo na liwe na mahali: "Siku ya kwanza ulipoingia kwenye jengo hili, nani alikufungulia lango?" Au, "Nani alikuwa anakaa nyumba namba hii ulipokuwa mtoto?" Usiulize "unaonaje kuhusu Wahindi" wala "Waswahili wakoje". Mtu akianza kusema "wao", mrudishe taratibu: nani hasa, lini, alikuwa amesimama wapi? Utashangaa Wahindi wa jengo moja wasivyo kitu kimoja. Kuna Waismailia, Waithnaasheri, Wabohora, Walohana, Magoa, na hao wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawaoani. Nao watashangaa kwamba huyo wanayemwita Mswahili wa ghorofa ya pili ni Mhaya ambaye Kiswahili alikisomea shule.

Lugha itakupa kazi, na hapa naomba uwe na moyo mpana. Akina mama wengi wazee wa Kihindi walijifunza Kiswahili jikoni, kwa kuamuru: lete, osha, fagia, ngoja. Hawakufundishwa "naomba unisaidie". Kwa hiyo hata akitaka kuwa mwema anasikika kama mnyapara. Simtetei aliyetukana, tusi ni tusi. Lakini bibi wa namna hiyo akisimulia kwa Kiswahili mtasikia amri tupu. Mwache asimulie kwa Kikachi au Kigujarati chake, mjukuu atafsiri, tena atafsiri kwa "mimi": "Nilifika Lindi kwa jahazi," na siyo "bibi anasema alifika". Wakalimani wa Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini, iliyoanza kusikiliza watu hadharani Aprili 1996 chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, walifanya hivyo. Walitamka "mimi" kwa niaba ya mama aliyefiwa na mwanawe na kwa niaba ya polisi aliyemuua, na wengi walitoka na majeraha yao wenyewe. Kwa hiyo mjukuu ajue mapema bibi atasimulia nini. Mtoto asikisikie kifo cha babu yake kwa mara ya kwanza akiwa amekishika mdomoni.

Siku ya kikao, watu wasizidi 12. Msikae nyumbani kwa mtu wala kwenye ukumbi wa jumuiya yoyote ya dini. Ua wa jengo unatosha, viti vya plastiki, simu zikusanywe kwenye kikapu. Wasimuliaji wawe wanne tu, wawili wawili, wale ambao umeshawasikiliza na wamekubali. Mmoja awe kijana, maana vijana hawana 1971, wana kazi waliyoomba Kariakoo wakaambiwa ipo kwa ndugu. Muda usizidi saa mbili. Mkianza saa kumi jioni, maghrib itawamaliza vizuri.

Swali moja litakuja hata usipolialika: "Mbona nyinyi hamtupi mabinti zenu tuoe?" Kwenye baraza langu la kwanza niliruhusu liulizwe, na bibi mmoja akanyanyuka akaondoka bila kuaga. Nilidhani ni kiburi. Baadaye binti yake alinieleza kwamba ana jamaa Zanzibar, na kwamba kwa familia yao swali hilo halijawahi kuwa la utani tangu 1970, wasichana wa asili ya Kiajemi walipoozwa kwa nguvu na watawala. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemtembelea bibi yule hata mara moja kabla ya kumketisha pale. Likija kwenu, usilijibu wala usiruhusu mtu alijibu kwa niaba ya kabila zima. Mwombe aliyeuliza asimulie kisa kilichomfanya aulize. Wengi wana kisa, na kinauma.

Nimetaja utani, niliweke sawa hili kwa sababu kijana wenu anaweza kujitetea kwamba alikuwa anatania. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Lakini mtani ana wajibu. Anakutania msibani kwako na ni yeye huyo huyo anayeshika jembe kuchimba kaburi, nawe una haki ya kumrudishia. Sisi na Wahindi hatukuwahi kuwekeana utani wa namna hiyo. Kumwita mtu ponjoro wakati hujawahi kuingia kwenye msiba wake ni matusi matupu.

Chakula kiwepo, lakini kisiwe ndiyo shughuli. Nimechoka na sherehe za "umoja wetu" ambako watu wanakula bhajia na sambusa za wenzao, wanapigwa picha na kurudi kwenye milango iliyofungwa. Sambusa tumekula pamoja miaka 100, haijatusaidia. Chai na mihogo vinatosha, na hakikisha kuna kitu asichokula nyama anaweza kula.

Baada ya kikao kuwe na kazi. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kunapunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa mahali pale, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wenye mamlaka wakiliunga mkono jambo hilo. Jengo la familia 16 haliwezi kukosa kazi: pampu ya maji, taa za ngazini, takataka. Maji yaliyoleta ugomvi yalimwagika kwa sababu gani? Kama binti anapandisha ndoo kwa sababu pampu imekufa, basi mkarabati pampu, na kamati ya kuisimamia iwe na mtu wa kila upande. Kule Afrika Kusini zaidi ya watu 21,000 walitoa maelezo yao mbele ya Tume, na wengi walibaki na uchungu kwa sababu fidia ilichelewa mpaka 2003 na ikawa pungufu kuliko ilivyopendekezwa. Aliyefungua kinywa mbele ya majirani na kesho akaikuta ndoo ile ile ngazini hatakifungua tena.

Mama aliyetukana usimwache nje ya haya yote. Akishaomba radhi, mtembelee kama wengine, na swali liwe lile lile la lango. Huenda akakataa mara ya kwanza, rudi baada ya wiki. Kijana vivyo hivyo. Usiwaweke hao wawili kati ya wasimuliaji wanne wa kwanza, wakae kama wasikilizaji.

Ukimaliza ziara za nyumbani niandikie wangapi wamekubali kusimulia. Wakiwa chini ya wanne usikiitishe kikao, endelea kutembelea. Na Jumamosi hii anza na mkazi mkongwe kuliko wote, awe wa upande wowote. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na usibebe daftari.